Mfupa Uliunga, Kuchechemea Kukabaki

Mpwa wangu ana miaka 4. Siku moja, mwezi wa sita tangu nivunjike mguu, nilimwona anapita ukumbini kwa mwendo wa ajabu: hatua moja ndefu, nyingine fupi ya haraka, bega likidondoka kidogo kila mara. Nikamwuliza mama yake kama mtoto ameumia. Dada akacheka mpaka akakaa chini. "Anatembea kama mjomba wake," akasema.

Na mimi nilicheka, ila usiku huo sikulala vizuri. Wiki mbili nyuma daktari alikuwa ameniwekea picha ya eksirei kwenye mwanga na kuniambia mfupa umeunga. Maumivu ya kutaja sikuwa nayo. Magongo nilishayaweka nyuma ya mlango. Kwa hesabu yangu nilikuwa nimepona, kumbe mtoto wa miaka 4 alikuwa ananiona vizuri kuliko nilivyojiona.

Nilivunjika kijinga. Nilikuwa nashuka ngazi zilizolowa, mkono mmoja una simu, mguu wa kulia ukanasa pembeni mwa kidato na mwili ukaendelea na safari yake kwa kujizungusha. Wengine husimulia kwamba walisikia mfupa ukilia. Mimi sikusikia kitu. Niliona tu unyayo wangu umeelekea upande usio wake, nikajua. Mifupa yote miwili ilikuwa imekwenda: ule mkubwa wa muundi, na ule mwembamba unaoandamana nao upande wa nje. Mkubwa ulikatika kwa kuzunguka, mithili ya mistari ya skrubu. Ndivyo mfupa unavyokatika ukisokotwa.

Kesho yake nikapasuliwa. Sitakaa sana hapa, maana kazi ilikuwa ya wengine, mimi nililala tu. Walifungua ngozi chini ya pia ya goti, wakapitisha chuma kirefu ndani ya uwazi wa mfupa mpaka karibu na kifundo, kisha wakakifunga kwa skrubu juu na chini ili mfupa usijizungushe wala usifupike. Njia hii ina umri: daktari Mjerumani, Gerhard Küntscher, alianza kuwawekea wagonjwa wake vyuma vya namna hii mwaka 1939, na wenzake wengi hawakumkubali mwanzoni. Nilipokuja kusoma kwa nini hatimaye walimkubali, nilijionea aibu. Chuma kikikaa ndani ya mfupa, kinagawana nao uzito, kwa hiyo mgonjwa anaweza kukanyaga mapema kuliko mtu wa zamani aliyefungwa plasta toka pajani hadi vidoleni na kukaa nayo miezi. Yaani niliwekewa chuma ili nitembee. Mimi nikakifanya sababu ya kutotembea.

Siku ya kuruhusiwa kutoka wodini, daktari alisema maneno manne: "Kanyaga kadiri unavyoweza kuvumilia." Nimeyarudia kichwani mara nyingi tangu siku ile. Aliyasema akiwa na haraka, na mimi nikayasikia kwa woga, basi tukaachana kila mtu ana maana yake. Yeye alimaanisha: weka uzito, mwili utakwambia wapi pa kuishia. Mimi nilielewa: usijaribu kitu. Kama ningeuliza swali moja tu, "Kwa hiyo leo jioni naruhusiwa kuuweka chini huu mguu?", ningeokoa mwezi mzima. Sikuuliza. Nilikuwa naona nikiuliza nitaonekana sikuelewa, na ni kweli sikuelewa.

Hapa niseme jambo moja kabla sijasahau, kwa sababu kuna mtu atasoma akiwa kitandani na mguu juu ya mito. Ruhusa yangu si ruhusa yako. Aliyevunjika karibu kabisa na goti au kifundo, au aliyefungiwa bamba la chuma na skrubu ubavuni mwa mfupa, mara nyingi anaambiwa asikanyage kabisa kwa wiki 6 au zaidi, na ana sababu zake. Muulize aliyekupasua, umuulize kwa maneno ya kawaida ya nyumbani: naweza kukanyaga, kiasi gani, kuanzia lini.

Basi nikalala. Wiki 4 nzima nilikuwa mgonjwa mtiifu wa ugonjwa nilioutunga mwenyewe. Mguu juu ya mito mitatu, na kwa hilo sikukosea, maana uvimbe hupungua mguu ukiwa juu ya usawa wa moyo. Kosa lilikuwa kwenye unyayo. Niliuacha uning'inie, vidole vikielekea chini, usiku na mchana, kwa kuwa hivyo ndivyo ulivyokuwa hauumi. Mama alikuwa akipita anasema, "Tulia mwanangu, mfupa unataka utulivu." Mama alikuwa sahihi kuhusu mfupa. Kifundo ndicho hakikuwa na mtetezi ndani ya nyumba ile.

Karatasi ya hospitali ilisema nipige kifundo juu na chini mara nyingi kwa siku, ili msuli wa shavu la mguu uusaidie moyo kurudisha damu juu, na damu isigande miguuni. Nilikuwa nafanya mara 5 asubuhi nikikumbuka. Sehemu niliyoisoma kwa makini ni ile ya kutisha: shavu la mguu likivimba ghafla, likaumauma na kuwa la moto, rudi hospitali, ukibanwa pumzi au kuchomwa kifuani, kimbia usisubiri asubuhi. Nilikuwa najikagua kwa dalili hizo kila saa, lakini dawa yake ya bure, ile ya kupiga kifundo, nikaiacha. Sijui akili ya mgonjwa inafanyaje kazi.

Kitu kingine kilichonitisha ni rangi. Nikishusha mguu kwenda chooni, unakuwa wa zambarau mpaka vidoleni, na unajaa mithili ya mfuko unaotiwa maji. Mara ya kwanza niliita watu. Kumbe wagonjwa wengi wa miguu wanalijua hilo: damu inashuka, misuli iliyolala haina nguvu ya kuirudisha. Ukiuinua na rangi ikarudi, umejionea tu bomba lisilo na pampu. Laiti mtu angeniambia mapema, ningepunguza makelele.

Wiki ya tano ndipo nilipokutana na mtaalamu wa fiziotherapia. Alikuwa dada mtaratibu, na nilishangaa kwamba hakuujali mshono wangu, ambao nilikuwa nimeshajiandaa kuusimulia. Aliniambia nisimame kati ya vyuma viwili vya kushikilia, akaweka mizani ya kupimia uzito chini ya mguu wa kulia, na ubao wa kimo kilekile chini ya wa kushoto. "Bonyeza mpaka usikie hofu," akasema.

"Mpaka nisikie maumivu?"

"Hapana kaka, hofu. Maumivu tutayafikia."

Nikabonyeza. Nilipohisi moyo umeanza kwenda mbio nikasimama. Mshale ulikuwa kwenye kilo 9. Mimi nina kilo 78.

"Imeuma?"

Nikafikiri. Haikuwa imeuma. Hata kidogo. Kwa wiki 5 nilikuwa nimeishi nikiamini kwamba mguu hauwezi kubeba kitu, na ushahidi wangu ulikuwa kwamba sijawahi kuujaribu. Akaniambia nibonyeze tena, safari hii nitazame ukuta badala ya mshale. Kilo 17. Maumivu yalikuja mahali fulani katikati ya hapo, ya kuvuta, na yakaondoka nilipoachia.

Mizani ile ndiyo iliyonirudishia mguu wangu, nasema bila kutia chumvi. Tulikuwa nayo nyumbani, imelala chini ya sinki. Kila asubuhi nikawa nasimama juu yake na kuandika: 20, 24, 31. Wiki ya saba nilifika 50. Wiki ya tisa nilisimama kwa mguu wa kulia peke yake, vidole vya mikono vimegusa meza tu, mizani ikasema 78, nikamwita dada aje aone, naye akaja na mtoto wake, yule yule aliyekuja kuniiga baadaye.

Kuhusu maumivu, yule mtaalamu alinipa kanuni ambayo bado naitumia. Yape namba kutoka 0 hadi 10. Wakati wa zoezi yasivuke 4. Lakini hakimu hakai wakati wa zoezi, anakaa kesho yake asubuhi. Ukiamka mguu umerudi ulivyokuwa jana, zoezi lilikuwa halali yako. Ukiamka umevimba zaidi na maumivu yamepanda, ulizidisha, punguza, usiache. Wiki ya saba nilizidisha vibaya: nilijisikia vizuri, nikazunguka na magongo mchana kutwa, na asubuhi kiatu hakikuingia. Mimi wa zamani ningelala wiki. Kwa kanuni ile nililala siku moja na nusu, nikarudi kwenye nusu ya kazi.

Sasa kifundo. Kama nitabaki na jambo moja la kumwambia mtu aliyevunjika muundi, nitamwambia habari za kifundo, kwa sababu hakuna anayekitazama. Hakijavunjika. Kwenye picha kiko salama. Lakini ndicho kilichoniharibia mwendo kuliko mfupa wenyewe. Alinipima hivi: simama ukiutazama ukuta, kisigino kimekaa sakafuni, peleka goti mbele liguse ukuta. Rudisha mguu nyuma kidogo kidogo hadi pale ambapo goti bado linagusa na kisigino hakijanyanyuka, kisha pima toka kidole gumba hadi ukutani. Kushoto nilipata sentimita 11. Kulia, vidole vikiwa vimegusa ukuta kabisa, goti halikufika. Sikuwa na hata sifuri.

Yule dada hakushtuka. Akanieleza kwamba msuli wa shavu la mguu na kano ya kisigino vilikuwa vimefupika kwa kuzoea ule mlalo wa vidole chini, na kiungo chenyewe kimekakamaa kwa kukosa kazi. Alinipa mazoezi mawili ya kuanzia ambayo mtu anaweza kuyadharau. La kwanza, kukaa na mguu umenyooka, taulo limezungushwa chini ya unyayo, unavuta vidole vije kwako na kushikilia kwa sekunde 30. La pili, ukikaa kwenye kiti, unateleza unyayo nyuma chini ya kiti bila kunyanyua kisigino mpaka pakatae. Baadaye yakaja ya kusimama, ya kuusukuma ukuta mguu wa nyuma ukiwa umenyooka, kisha goti likiwa limekunjwa. Si marudio ya kupoteza muda: goti likinyooka unavuta msuli wa juu, ule mnene unaoonekana, likikunjwa unaufikia wa chini yake, uliojificha, ambao ndio unaofanya kazi kubwa ya kutembea.

Wiki mbili zikapita nikapata sentimita 1. Nilikaribia kulia, na sijui kama ni kwa furaha.

Lazima nikiri habari ya daftari. Alinipa daftari la kuandika kila zoezi na idadi. Siku za mwanzo niliandika ukweli. Halafu zikaja siku za uchovu, zile za kuamka huna hamu hata ya kuoga, na nikawa nafanya seti 1 na kuandika 3. Nilijiambia kesho nitalipa deni. Deni la mazoezi halilipiki, lakini hilo nilikuwa silijui. Yeye hakunihoji. Alichukua futi ya fundi cherehani, akapima sentimita 10 chini ya goti, akazungusha shavu la mguu: tofauti ya sentimita 4 na mguu wa kushoto, ileile ya wiki tatu nyuma. Akaangalia daftari, akaangalia futi.

"Daftari linasema umefanya mara mia tatu," akasema. "Shavu la mguu halijui kusoma."

Hakusema lingine. Tangu siku hiyo nikawa naandika hata siku tupu, naandika "leo sikufanya kitu", na ajabu ni kwamba siku tupu zikapungua.

Tulibishana pia kuhusu gongo. Nilipofika kwenye gongo moja nililishika upande wa mguu mbovu, kama wanavyofanya karibu watu wote unaowaona njiani. Yeye akalihamishia kushoto. Nikamwambia mguu mbovu ni wa kulia. Akasema anajua. Mkono wa kushoto na mguu wa kulia huenda mbele pamoja mtu anapotembea, hivyo gongo likiwa kushoto linatua pamoja na mguu mbovu na kuubebea sehemu ya uzito bila mwili kuinama. Likiwa kulia, unaliegemea kama ukuta unaotembea, unainama, na unajifunza kuinama. Nilijaribu hatua kumi za kila namna mbele ya kioo. Ubishi ukaisha hapo. Na ngazi: kupanda, mguu mzima unatangulia, kushuka, mbovu unatangulia pamoja na gongo. Nilikuwa nasema kwa sauti kila kidato, hata mbele za watu. Mtu aliyeangushwa na ngazi haoni haya ya namna hiyo.

Mwezi wa nne niliacha kwenda. Hakuna aliyenifukuza. Kazi zilikuwa zimerudi, maumivu yameshuka mpaka 1 na 2, gongo silihitaji. Ukuta ulikuwa umefika sentimita 6. Nilimwambia nitaendelea nyumbani, naye akanitazama kwa jicho la mtu aliyeshayasikia maneno hayo mara nyingi, akaniandikia karatasi ya mazoezi. Karatasi niliibandika kwenye kabati. Ipo hadi leo, imepauka.

Mfupa haukungoja bidii yangu. Muundi huwa hauna haraka ya kuunga. Upande wake wa mbele umefunikwa na ngozi tu, hauna nyama ya kuuletea damu ya kutosha, na miezi 4 hadi 6 ni muda wa kawaida. Picha ya wiki ya 6 ilionyesha kitu kama wingu jepesi pembeni mwa ufa, mfupa mchanga. Daktari aliniuliza mara tatu, katika ziara tatu tofauti, kama navuta sigara. Sivuti, lakini nilielewa uzito wa swali: moshi unachelewesha mfupa kuunga, na wakati mwingine unauzuia kabisa. Picha ya mwisho wingu lilikuwa limegeuka daraja. Hapo ndipo nilipopewa mkono wa pongezi na kuambiwa niendelee na maisha.

Wiki mbili baadaye, mpwa wangu.

Nilirudi kwa yule dada nimenyong'onyea. Hakunikumbusha nilivyoondoka. Alichukua simu yangu, akaniambia nitembee ukumbini, akanipiga video kwa nyuma na kwa ubavu, akanipa nitazame. Sijawahi kujichukia hivyo kwenye picha. Nilikuwa nimezungusha unyayo wa kulia nje, kama bata, ili nisikunje kifundo. Bega linaanguka. Macho yako sakafuni muda wote.

Kisha akaniuliza, "Hatua fupi ni ya mguu gani?"

"Wa kulia, si ndio uliovunjika?"

"Tazama tena."

Nilitazama mara tatu. Hatua fupi ilikuwa ya kushoto, ya mguu mzima. Na ukishaona hilo huwezi kuacha kuliona. Mguu wa kulia ulikuwa unakwenda mbele vizuri tu. Ila ukishatua, nilikuwa naharakisha kuukimbia. Nauwekea uzito kwa nusu ya muda unaostahili, halafu naurusha wa kushoto mbele upesi uje kuokoa. Huo wa kushoto ukiharakishwa hauwezi kwenda mbali, kwa hiyo unatua karibu. Kuchechemea kwangu kulikuwa kwenye muda. Mguu wa kulia ulikuwa na nguvu za kutosha, mimi ndiye sikuuamini kwa robo sekunde.

Alifumba macho akaniambia nipite tena. "Sikiliza," akasema. Na kweli ilisikika, viatu vyangu sakafuni: taa-ta, taa-ta. Tukaanza kufanya kazi kwa masikio. Alibandika vipande vya utepe sakafuni kwa umbali unaolingana, na jukumu langu lilikuwa moja, mguu wa kushoto ufike kwenye utepe wake. Si kuutazama mguu mbovu, si kujinyoosha, hapana: wa kushoto ufike. Ili ufike, wa kulia unalazimika kukaa chini, kisigino kikitua kwanza, uzito ukipita juu ya unyayo, goti likisogea mbele ya vidole, halafu vidole vikisukuma. Hapo katikati ndipo kifundo kilipodai sentimita nilizoziacha ukutani. Siku ya kwanza nilitoka jasho kwa kutembea mita 20 polepole.

Kulikuwa na mzee mmoja mle chumbani, amebadilishiwa nyonga, akiendesha baiskeli ya mazoezi huku ananitazama. Siku moja akasema, "Kijana, unautazama mguu wako kama mkopeshaji. Utaacha lini?" Tukacheka wote. Ila alikuwa ameona sahihi, nilikuwa natembea na macho chini. Nikaanza kulenga saa ya ukutani mwisho wa ukumbi. Bega likapanda lenyewe.

Sehemu ndefu zaidi ikawa ni nguvu. Zoezi lenyewe ni rahisi kulieleza: simama kwa mguu mmoja, shika kitu kidogo kwa ajili ya usawa, nyanyuka kwa vidole mpaka kisigino kiwe juu kabisa, shuka. Mguu wa kushoto ulifanya mara 25. Wa kulia, mwezi wa sita, sikuweza hata mara moja. Nilitoa amri, kisigino kikabaki sakafuni kana kwamba amri imeenda kwa mtu mwingine. Ikabidi tuanze chini: nikiwa nimekaa kitini na ndoo ya maji juu ya goti, nyanyua kisigino. Halafu kusimama kwa miguu miwili. Halafu kupanda kwa miwili na kushuka kwa mmoja, polepole, kwa kuhesabu hadi 3; na huku kushuka ndiko kulikojenga. Mwezi wa nane, asubuhi, nikipiga mswaki, nilijaribu bila kutegemea na kisigino kikanyanyuka. Kimo cha vidole viwili tu. Nilitema povu nikafanya tena kuhakikisha.

Usawa nao ulikuwa umepotea. Nilikuwa sijui kwamba kifundo kina hisia zake za kujua kiko wapi gizani, na kwamba hisia hizo hulala kikikaa bila kazi. Kwa macho wazi nilisimama kwa mguu wa kulia sekunde 20. Nikifumba, sekunde 2, na mkono ukutani. Siku hizi nafanya nikisubiri maji yachemke.

Goti ndilo sikulitarajia. Chuma kilipita hapo, na maumivu ya mbele ya goti ni malalamiko ya kawaida sana kwa waliowekewa chuma cha muundi. Kupiga magoti sakafuni bado nachagua mahali, natanguliza mto. Pembeni mwa mshono kuna eneo la upana wa kiganja ambalo halina hisia, kwa sababu vijishipa vya fahamu vya ngozi hukatwa wakati wa kufungua. Limepungua, halijaisha. Daktari alisema chuma kinaweza kutolewa baadaye kikinisumbua, lakini goti lina uwezekano wa kubaki linauma hata kikitoka. Nimekiacha.

Sasa ni mwezi wa 14. Ukuta ni sentimita 10. Futi ya cherehani inasema shavu la kulia bado limepungua sentimita 1 na nusu. Kwa kisigino nimefika mara 17, na ya 17 si nzuri ya kuonyesha mtu. Jumapili jioni ndiyo siku yangu ya vipimo, na mpwa wangu ana kazi yake, anashika upande mmoja wa futi. Juzi alitaka na yeye apimwe ukutani. Goti lake liligusa kutoka mbali, bila juhudi yoyote, akanigeukia akaniuliza kwa nini mimi huwa nakunja uso.